Asubuhi Aliyonyamaza Mwamvita

Siku zile bonde la Kidimbwini lilikuwa na mpunga chini, wazungu juu na kelele za wanawake katikati, na siku hizi lina kuta ndefu zilizopandwa vipande vya chupa, na nyuma ya kila ukuta yumo mtu asiyejua hata jina la jirani yake.

Nimeyaona yote mawili, na sitaki kuambiwa na mtu kwamba haya ya sasa ndiyo maendeleo. Vijana wa mtaani kwangu wananiita Mzee Kero. Waniite. Shule niliiacha darasa la pili kule Ndanda. Yaliyobaki nilijisomea mwenyewe katika magazeti yaliyofungiwa nyama na vitabu walivyotupa wazungu. Na kwa kuwa hakuna mwalimu aliyenifundisha, hakuna mwalimu wa kunikataza kuandika ninachokijua. Ninachokijua ni habari za Mwamvita binti Kondo, ambaye hakusoma hata herufi moja, na ambaye mbele yake sijaona mtu mwenye digrii aliyesimama wima namna ile.

Kwanza niueleze uwanja, maana bila uwanja hakuna habari.

Ulikuwa uwanja wa gofu, upande wa juu wa barabara ya Bagamoyo, ukishapita Wazo na kabla hujafika Boko, enzi ambazo Wazo kilikuwa kilima tu na Boko nyumba kumi na mbili. Aliyeupima alikuwa Mskoti mmoja, mpima ardhi, mwaka 1927. Wenyeji walimwita Bwana Kamba kwa sababu hakuachana na kamba yake ya kupimia. Wanasema alitembea pale wiki tatu kabla hajachomeka kijiti hata kimoja. Alitazama mbuzi wanalala wapi upepo ukivuma, alitazama mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi, na alipomaliza kutazama alitengeneza mashimo tisa bila kuhamisha karai moja la udongo. Shimo la kwanza liliteremka na mteremko wenyewe. La pili lilifuata mgongo wa mawe ya matumbawe. La nne lilipita katika korongo kavu. Kwenye la sita kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, nacho alikiacha pale pale, wazungu wakakitukana miaka yote na kichuguu hakikujali.

Lakini shimo lililowaleta watu kutoka mbali lilikuwa la tatu. Ulisimama kwenye ncha ya mgongo wa mawe, mbele yako bonde, chini mpunga, na mpira ulitakiwa uruke mpunga wote utue ng'ambo. Mimi nilikuwa mwosha glasi katika nyumba ya klabu. Jumatatu wazungu hawakuja kucheza, basi alasiri nilikuwa nauzunguka uwanja mzima kwa miguu, na kila Jumatatu nilisimama pale kwenye la tatu. Sikuwa na gongo wala mpira. Nilikuwa natazama tu.

Mpunga ule ulikuwepo kabla ya Bwana Kamba. Ulikuwa wa mama yake Mwamvita, na Bwana Kamba, kwa sifa yake nzuri, alishuka bondeni akavua kofia akaomba. Wakakubaliana hivi: wazungu watapiga mpira juu ya mpunga, lakini mpira ukianguka mpungani umepotea, hakuna mguu wa mtu kuufuata, na wanawake watapiga kelele zao msimu wa ndege kama walivyozoea. Sharti la mpira Bwana Kamba aliliandika kwenye ubao mlangoni pa klabu. Sharti la kelele halikuandikwa popote, maana nani alidhani litahitaji kuandikwa?

Msomaji wa mjini huenda hajui kuamia ndege ni kazi gani. Mpunga ukianza kuwa na rangi ya dhahabu, kwelea wanakuja. Ni ndege wadogo, mmoja anaenea kiganjani, lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama moshi, na asubuhi moja tu inawatosha kula chakula cha mwaka. Basi mwenye shamba anajenga dungu, yaani ulingo wa miti wenye ngazi, anapanda juu kabla ya jua, na tangu hapo mpaka magharibi anapiga kelele, anapiga debe, anarusha mawe kwa kombeo. Wiki tatu au nne, kila siku.

Kidimbwini na kuendelea juu mpaka Boko kulikuwa na madungu saba. La Mwamvita lilikuwa la chini kabisa, karibu na uwanja. La pili, la Bi Tabu, lilikuwa nyuma ya kona ya bonde, hulioni, unalisikia tu. Kila alfajiri Mwamvita ndiye aliyeanza kuita, Bi Tabu akaitika, wa tatu akaitika, mpaka sauti ikafika Boko na kurudi. Na ilikuwa hivi, na kila mtu alilijua: mwenye dungu akiugua, anampeleka mtu mwingine kukaa badala yake. Dungu likinyamaza msimu wa ndege, maana yake ni moja tu, nyumba ile ina maiti. Watu hawangoji kuletewa habari. Wanaacha walichoshika wanakuja.

Leo mtu hunyamaza siku nne nyuma ya ukuta wake, na anayejua kwanza ni nzi. Haya, tuendelee.

Mume wa Mwamvita aliitwa Fakihi, Mmwera wa Lindi. Kwa kuwa mimi na Fakihi tulitoka upande mmoja wa nchi, Mwamvita aliniita shemeji na kunifanyia kila aina ya mzaha ambao shemeji hufanyiwa. Fakihi ndiye aliyetengeneza miduara ya mchanga. Uwanja wetu haukuwa na majani laini kuzunguka mashimo. Kulikuwa na mduara wa mchanga mwembamba uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiuchukue. Wachezaji wakipita, Fakihi alivuta ubao kwa kamba, polepole, akizunguka na kuzunguka, mpaka mchanga ukatulia kama chai kikombeni. Na mzungu akitaka kupiga, Fakihi alisimama asipumue. Kazi ile ilitaka kimya, naye alikuwa mtu wa kimya. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa na mume wa kimya na mke wa kelele, na walikaa miaka kumi na tisa bila kugombana kwa ajili hiyo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya klabu, vyumba viwili ukingoni mwa uwanja. Aliyekuwa na kazi ndiye aliyekuwa na nyumba.

Mwaka 1950 akaja katibu mpya wa klabu, Meja mmoja aliyetoka vitani Burma. Sisi tulimwita Meja Kimya. Alikataza redio, alikataza jogoo wa mpishi, alikataza hata mimi nisigonganishe glasi. Huenda vita vilimharibu masikio, sijui. Najua tu kwamba vita vyake havikupiganwa Kidimbwini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, ikatangazwa kwamba Jumamosi fulani watakuja wageni kutoka Nairobi na Mombasa kushindania kombe. Wengi walitaka hasa kuliona lile shimo la tatu. Na mpunga ulikuwa umeiva.

Alhamisi jioni nilikuwa kwa Fakihi, Mwamvita akipakua wali na kisamvu. Fakihi aliingia, akavua kofia, akaketi mkekani.

"Umefukuzwa?" Mwamvita akamwuliza.

"Bado."

"Hiyo bado ni ya mpaka lini?"

"Jumamosi. Meja anasema Jumamosi usipige kelele, tangu asubuhi mpaka wageni wamalize. Ukipiga, sina kazi, na nyumba hii tunaitoka."

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu nitamwambia mwenyewe."

"Kwa hiyo ulisema ndiyo."

"Nilisema nitamwambia mwenyewe, binti Kondo. Ndiyo ni neno jingine."

Mwamvita akanigeukia. "Shemeji, wewe msoma magazeti. Imeandikwa wapi kwamba Jumamosi kwelea hawali?"

"Labda wameingia Usabato," nikasema.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaweka sahani ya Fakihi mbele yake, akasema kwa sauti ya chini ambayo hatukuizoea: "Mpunga ule ndio tutakaokula mpaka masika mengine. Kazi yako inatupa nyumba, sikatai. Lakini siku Meja atakapochoka na wewe, nyumba atachukua. Mpunga hawezi kuuchukua, labda mimi nimpe."

"Najua," Fakihi akasema.

"Basi kula."



Ijumaa Meja aliteremka bondeni mwenyewe. Alinichukua mimi nimtafsirie, ingawa alidhani anajua Kiswahili. Alikuwa na Kiswahili cha kambini, cha kuamrisha watu kubeba sanduku. Mwamvita alikuwa juu ya dungu, amejifunga kanga kiunoni, debe magotini, akiwatukana kwelea kwa majina ya watu wa Boko anaowadai radhi.

"Mama, shuka," Meja akasema.

"Nikishuka mimi, watashuka wao," Mwamvita akajibu, akionyesha ndege. "Aseme tu, nasikia."

"Kesho mimi taka kimya. Kimya kabisa. Wewe sikia?"

Mwamvita akaniangalia mimi. "Shemeji, mwulize, kimya cha nani? Changu, au cha bonde zima?"

Nikauliza. Meja akasema wale wa mbali hawamsumbui, hawasikiki sana kutoka shimo la tatu. Anayemsumbua ni yeye.

"Na nikinyamaza, Fakihi anabaki na kazi?"

"Anabaki," Meja akasema. "Neno ya mimi."

Mwamvita akashika kombeo. Akarusha jiwe moja kwa kombeo, ndege wakainuka upande wa pili, akawatazama mpaka walipotua mtini. Kisha akasema: "Haya. Mwambie kesho sitafungua kinywa. Nitakaa hapa hapa juu, nitatazama, na neno halitanitoka mpaka yeye mwenyewe aniambie niseme."

"Na debe?" Meja akauliza.

"Na debe. Hata kombeo nitaliacha nyumbani."

Meja alifurahi hata akapanda vidato viwili vya ngazi akampa mkono. Alipokwenda zake, mimi nilibaki nyuma.

"Umekubali upesi, shemeji," nikamwambia.

"Ulitaka nimtukane?"

"Na mpunga?"

"Mpunga una mwenyewe."

"Basi niende juu nikawaambie kina Bi Tabu kwamba kesho hutaita, wasije wakadhani—"

"Meja amekutuma uwaambie?"

"Hapana."

"Mimi nimekutuma?"

"Hapana."

"Basi kaoshe glasi zako, shemeji."

Sitajifanya mjinga leo katika uzee wangu. Nilielewa pale pale. Nilipanda kilima nikaosha glasi, na hakuna siku niliyoziosha vizuri zaidi.

Jumamosi nilikuwa barazani pa klabu kabla jua halijatoka, nikipanga vikombe. Bonde lilikuwa na ukungu mwembamba. Saa ya Mwamvita kuita ikafika, ikapita. Nikasikia sauti ya Bi Tabu kutoka nyuma ya kona: "Mwamvita wee." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, na safari hii sauti haikuwa ya kuita tena, ilikuwa ya kuuliza. Baada ya hapo dungu la Bi Tabu likanyamaza, na la tatu likanyamaza, nikasikia bonde zima likizimika kutoka chini kwenda juu mpaka Boko.

Kwelea wakaja. Walitua juu ya mpunga wa Mwamvita kama mtu aliyemwaga gunia la mchanga. Kutoka barazani nilimwona mwenyewe juu ya dungu, ameketi, mikono ameikalia. Watu wakisimulia habari hii hucheka tu, husahau sehemu hii. Mwanamke yule alikaa muda wa saa nzima na zaidi akitazama jasho lake likiliwa mbele ya macho yake, na hakutikisika. Ahadi aliitoa, na ahadi aliishika. Mashuke ya upande wa chini yalikuwa yanainama kwa uzito wa ndege.

Saa mbili wageni wa kwanza wakafika kwenye shimo la tatu. Meja alikuwa nao, ana furaha, anawaonyesha bonde kama alilichimba yeye. Mzee mmoja mnene wa Nairobi akaweka mpira chini, akaachanisha miguu, akainua gongo. Fakihi alikuwa ng'ambo na ubao wake, hapumui.

Hapo ndipo ukasikika ukemi wa kwanza, yowe la msiba, kutoka konani.

Walikuja kwa njia ya mkato, na njia ya mkato ilikuwa lile korongo la shimo la nne. Mbele Bi Tabu, kanga kichwani, akilia kwa sauti ya mtu aliyefiwa na dada. Nyuma yake wanawake arobaini, wakiitikiana. Nyuma yao wanaume wa Boko na majembe, na katikati yao, mabegani mwa watu wanne, jeneza la msikiti. Mwalimu Mwinshehe, msimamizi wa msikiti wa Boko, alikuwa amelitoa mwenyewe, maana huku kwetu mtu akifa alfajiri anazikwa kabla ya alasiri, na kutoka Boko si karibu. Wakapita katikati ya uwanja wakilia. Wazungu, na hili lazima niwape haki yao, walipoona jeneza walivua kofia, kila mmoja mahali alipokuwa. Yule mzee mnene alishusha gongo lake akainamisha kichwa.

Meja hakuvua. Meja alikuwa anakimbia kuteremka bondeni. Nami nikaacha vikombe nikamfuata, kwani si ndiye aliyenifanya mkalimani?

Bi Tabu alifika chini ya dungu, akainua macho, akakuta Mwamvita anamtazama.

"Mwamvita. Uko hai?"

Mwamvita akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi ni mumeo," Bi Tabu akasema, akashika kichwa ili aanze upya kulia. Lakini Fakihi alikuwa anakuja mbio kutoka ng'ambo, ubao wake unaburutika nyuma kwa kamba.

"Fakihi huyu hapa," mwanamke mmoja akasema.

"Namwona. Sasa kafa nani?"

Mwamvita hakufungua kinywa. Akanyoosha kidole kwa Meja.

Bi Tabu akamgeukia Meja, akamkagua kuanzia viatu mpaka nywele. "Huyu mbona anahema?"

"Jamani," Mwalimu Mwinshehe akasema kutoka chini ya jeneza, "mimi bega linaniuma. Kama hakuna maiti tuambiwe tuliweke chini."

"Mama, sema!" Meja akapiga kelele. Uso ulikuwa mwekundu kama tofali. "Nini hii? Sema wao nenda!"

Mwamvita akaweka kiganja juu ya midomo yake, akaniangalia.

Nikamtafsiria Meja, kwa Kiingereza changu chote: bibi huyu alikuahidi kwamba hatasema mpaka wewe mwenyewe umruhusu, je, unamruhusu? Kule juu wageni walikuwa wamesogea ukingoni kutazama.

"Ndiyo," Meja akasema. "Ruhusa. Sema."

"Mmemsikia," Mwamvita akasema, na sauti ilitoka imekauka. "Wote mmemsikia. Hakuna aliyekufa. Bwana huyu aliniomba leo ninyamaze, nikanyamaza. Sasa ameniambia niseme." Akasimama juu ya dungu. "Na nyie mmekuja wote na hamna cha kufanya. Tazameni nyuma yenu."

Wakageuka, wakawaona kwelea.

Sijui nilieleze vipi. Wanawake arobaini waliokuja na pumzi ya msiba mzima, hawajaitumia hata nusu, waliingia kwenye mpunga ule kwa vijia vyake na kuwapelekea ndege kilio chote walichokusudia kumpa maiti. Wanaume waligonganisha majembe. Waliobeba jeneza waliliweka chini wakawa wanapiga makofi. Mwalimu Mwinshehe mwenyewe alirusha kiatu. Kwelea waliinuka kwa mara moja, bonde likaingia giza na kutoka giza, wakaelekea baharini.

Yule mzee wa Nairobi aliniita akataka kujua. Nikamweleza kama ninavyokuelezeni ninyi. Alicheka mpaka akaketi majanini, akasema atapiga mpira wake akina mama watakapomaliza. Akina mama hawakumaliza mpaka adhuhuri. Kombe lilichezwa na kelele zake zote, na nasikia watu walipiga vizuri vilevile.

Jumatatu Meja alimfukuza Fakihi.

Nilikuwepo. Fakihi alisimama mezani, kofia mkononi, akamkumbusha Meja neno lake: mke wangu alinyamaza mpaka ulipomwambia mwenyewe aseme. Meja akasema hayo ni maneno ya ujanja. Fakihi akasema, "Hapana, Bwana. Ni maneno yako." Kwa mtu asiyezoea kusema, lilikuwa jambo kubwa. Akavaa kofia yake ndani ya ofisi ya mzungu, jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelifanya, akatoka.

Waliitoka nyumba siku ile ile, wakajenga kibanda cha makuti ukingoni mwa mpunga. Sehemu ya chini ya shamba ilikuwa imeliwa, theluthi hivi. Iliyobaki ilivunwa na ikawatosha. Na tangu Jumanne ile bonde likawa na sauti mpya alfajiri, ya mwanamume, yenye kukwaruza kama bawaba yenye kutu. Alikuwa Fakihi. Bi Tabu alimwitikia kwa kicheko wiki nzima.

Ningependa kuandika kwamba walishinda na mambo yakaishia hapo. Sipendi uongo. Mwaka 1953 klabu ilipata ruhusa ya kulitwaa bonde. Likaja tingatinga, likaukwangua mgongo wa mawe alioupenda Bwana Kamba, likaujaza udongo ndani ya mpunga mpaka shimo la tatu likawa tambarare kama meza. Mwamvita alisimama mbele ya tingatinga asubuhi mbili. Asubuhi ya tatu walikuja askari. Yeye na Fakihi wakahamia Chamazi, kwenye bonde la ndugu zake Fakihi waliotangulia kutoka Lindi.

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha kama kawaida, na maji yakateremka kama kawaida, yakakuta njia yake imezibwa. Yakageuka. Yalifuata korongo la shimo la nne, yakabeba miduara yote ya mchanga, yakaingia jikoni mwa klabu. Niliosha glasi siku ile nimesimama ndani ya maji mpaka magotini, na sikuona sababu ya kuzitoa glasi majini. Meja alikuwa ameshaondoka. Katibu mwingine akauliza nani anajua maji ya hapa yanapita wapi, watumishi wote wakamtajia jina moja. Akaandika barua, akanipa niipeleke.

Nilipanda lori mpaka Mbagala, kutoka hapo nikaenda kwa miguu. Niliwakuta Chamazi kwenye mpunga uliokaribia kuiva, dungu jipya, kibanda kipya. Fakihi alikuwa na mvi. Mwamvita aliniona kwa mbali akasema kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima kwamba shemeji yake amekonda kwa kula makombo ya wazungu.

Baada ya kula niliwasomea barua. Ilikuwa na adabu: arudi kazini, nyumba yake ipo, aje awaonyeshe mahali pa kuchimba mfereji.

"Anataka nimwonyeshe maji yanapita wapi," Fakihi akasema.

"Ndiyo."

"Maji yenyewe hayajamwonyesha?"

Mwamvita hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe, anangoja. Nikaona kwamba safari hii alimwachia yeye. Fakihi alichukua barua mkononi mwangu, akaigeuza juu chini, maana hakujua kusoma, akanirudishia.

"Andika nyuma yake," akasema. "Atoe udongo wote aliotia bondeni, karai kwa karai. Ukishatoka, aje mwenyewe hapa Chamazi, avue kofia, amwombe mke wangu. Mimi nitamfuata mke wangu."

"Hatakubali," nikasema.

"Si nimekwambia uandike? Sikukwambia ukubaliwe."

Nikaandika, nikaweka jina lake, akabandika kidole gumba chenye masizi ya chungu. Barua ile niliifikisha, na haikujibiwa. Mfereji walichimba watu wasiojua, ukachimbwa mahali pasipo pake, na kabla ya Uhuru uwanja wote ulikuwa umerudi kuwa nyasi na vidimbwi, tayari kwa watu wa kuta. Lakini hayo niliyaona peke yangu.

Wao niliwaona mara ya mwisho alasiri ile ile ya Chamazi. Niliaga, wakainuka ili wanisindikize mpaka njia kubwa, kama ilivyokuwa desturi, na Mwamvita alikwisha kujitanda kanga ya kutembelea. Hatukufika hata mwisho wa ua. Kwelea walipita juu ya vichwa vyetu, wengi, wakainama kuelekea shambani.

"Shemeji, njia unaijua," Mwamvita akasema, na alikuwa ameshageuka anakimbia. Fakihi alinigusa bega tu akamfuata. Nilipofika kwenye mihogo niligeuka kuwatazama. Fakihi alikuwa amewahi kupanda dungu, mikono hewani, anakwaruza kwa sauti yake ile mbovu, na Mwamvita alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono kiunoni, anamsuta kwamba anapigia kelele upande usio na ndege.